Tumsikilize mgonjwa wa mwaka wa tano

Malalamiko kuhusu madaktari wa upasuaji wa kupunguza uzito huja kwa sauti mbili. Mgonjwa husema daktari alipokea simu saa yoyote kabla ya malipo, na mshono ulipokauka akawa hapatikani. Daktari naye husema mgonjwa alielezwa kila kitu, akatia saini, kisha akarudi kwenye soda na chipsi, na leo anamchafulia jina mtu aliyemtoa kwenye kisukari. Sisi wasikilizaji tumezoea kumwegemea daktari. Mtu mnene katika jamii yetu huhukumiwa kabla hajafungua mdomo: amejitakia, hana nidhamu, na hata aliposaidiwa ameshindwa kuutunza msaada wenyewe.

Naona tunawaonea wagonjwa hawa. Na uonevu huo unaanzia kwenye swali la kwanza tunalowauliza wote, walioridhika na wasioridhika: umepungua kilo ngapi?

Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika jimbo la Michigan, Marekani. Madaktari 20 walijirekodi kwa video wakifanya upasuaji kwa matundu madogo, ule wa kutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Madaktari wenzao wakazitazama video bila kujua mikono ile ni ya nani, wakatoa alama za ustadi. Kisha alama zikalinganishwa na kilichowapata wagonjwa. Kwa robo ya madaktari waliopata alama za chini kabisa, asilimia 14.5 ya wagonjwa walipata matatizo baada ya upasuaji. Kwa robo ya juu, asilimia 5.2. Vifo vilikuwa asilimia 0.26 dhidi ya 0.05. Mkono wa daktari, kwa hiyo, si jambo la bahati. Unaonekana kwenye video, na unahesabika wodini.

Miaka mitatu baadaye watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa madaktari hao hao mwaka mmoja baada ya upasuaji. Wagonjwa wa robo ya juu walikuwa wamepoteza asilimia 67.2 ya uzito wao wa ziada. Wagonjwa wa robo ya chini, asilimia 68.5. Yaani hakuna tofauti. Presha ilipoa kwa kiwango kilekile, na kukosa pumzi usingizini vilevile. Kisukari kilitoweka kwa wagonjwa wengi zaidi upande wa madaktari wenye alama ndogo.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana nadhani takwimu hizi mbili zikisomwa pamoja zinabomoa sehemu kubwa ya mazungumzo yetu. Mgonjwa wa daktari hodari na mgonjwa wa daktari dhaifu, wakikutana harusini baada ya mwaka, wote wawili watakuwa wamepungua, wote watapigwa picha na suruali ya zamani, na wote watamsifu daktari wao kwa machozi ya kweli. Kilo zinaondoka kwa sababu tumbo limepunguzwa na homoni za njaa zimebadilika. Upasuaji wenyewe unafanya kazi hiyo karibu bila kujali nani alishika kisu. Ushuhuda wa kilo 50 ni ushuhuda wa upasuaji. Kuhusu daktari hausemi karibu lolote.

Hesabu inakuwa ngumu zaidi ukiifuata mpaka kwenye maisha ya mtu anayetafuta daktari. Hata kwenye robo ile ya chini, wagonjwa 85 katika kila 100 walipita salama. Kwa hiyo ukiwauliza watu watatu waliopitia mikononi mwa daktari wa kundi hilo, uwezekano ni zaidi ya nusu kwamba wote watatu watakwambia hawakupata shida yoyote. Utaondoka na imani kamili, na imani hiyo itakuwa imejengwa juu ya hewa.

Basi madaktari wana haki wanaposema ushuhuda wa mgonjwa si kipimo cha kazi yao, na hoja yao ina nguvu kuliko wanavyoieleza wao wenyewe. Mambo mengine mgonjwa hana njia ya kuyaona. Kati ya mwaka 2018 na 2019 Wamarekani kadhaa waliovuka mpaka kwenda kupasuliwa Tijuana, Mexico, wengi wao kwa ajili ya uzito, walirudi na maambukizi ya bakteria aina ya Pseudomonas ambaye dawa kali za hospitali hazimwezi. Januari 2019 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatoa tahadhari kwa wasafiri. Mtu aliyelala usingizi wa dawa atajuaje kwamba vifaa havikutakaswa ipasavyo? Angeamka akaona shuka safi na wauguzi wenye tabasamu, akawaandikia nyota tano.

Daktari pia hawezi kujibu hadharani. Mgonjwa anaweza kusimulia chochote, kweli au nusu yake, lakini daktari amefungwa na siri ya mgonjwa. Hawezi kusema, "Nilimwambia aache sigara wiki sita kabla, akaniahidi, akavuta hadi asubuhi ya upasuaji." Tena daktari anayekubali kumpasua mwenye kilo 200, moyo mchovu na kisukari cha miaka 20 atapata matatizo mengi kuliko anayechagua wenye afya. Malalamiko hayabagui kati ya hao wawili.

Yote hayo nayakubali. Nisichokubali ni hatua inayofuata, pale daktari anapotoka kwenye "mgonjwa hawezi kupima mkono wangu" na kufika kwenye "mgonjwa hana la kutuambia". Yapo mambo ambayo mgonjwa ndiye shahidi pekee, na karibu yote yanatokea baada ya ule mwaka wa kwanza tunaoupenda kuupiga picha.

Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kuwafuata zaidi ya watu 2,000 waliopasuliwa unaonyesha safari nzima. Waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha kifuko na utumbo walifikia kilele katika mwaka wa kwanza au wa pili, wakiwa wamepungua asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Waliofungwa ukanda tumboni walishuka asilimia 20, wakabaki na 14. Bado ni mafanikio makubwa. Utafiti huohuo ulikadiria mwaka 2020 kwamba waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka mitatu zaidi ya wanene wenzao wasiopasuliwa, ingawa hawakuwafikia watu wa kawaida. Lakini angalia muda: shuhuda tunazozisikia hukusanywa karibu zote kileleni. Yule aliyerudisha kilo 15 mwaka wa tano haitwi studio, na mwenyewe haendi. Anaona aibu, na aibu hiyo tumemfundisha sisi.

Neno linalomnyamazisha ni "hakufuata masharti". Limekuwa jibu la kila kitu, na nadhani linahitaji kuchunguzwa kuliko wagonjwa wanaotupiwa.

Kiungulia kikali baada ya kukatwa tumbo kwa mtindo wa sleeve, ambapo karibu asilimia 80 ya tumbo huondolewa, ni athari inayojulikana ya upasuaji huo. Mawe kwenye mfuko wa nyongo huja kwa sababu uzito umeshuka kwa kasi. Nywele kukatika mwezi wa tatu hadi wa sita ni kawaida. Moyo kwenda mbio, jasho na kizunguzungu baada ya kijiko cha kitu kitamu ni kwa sababu sukari imekimbilia utumbo mwembamba bila kituo cha katikati. Mgonjwa anayetapika wiki kadhaa mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 hadi ubongo ukadhurika, na hiyo ni dharura ya hospitali, wala si ya kuambiwa kwa simu "kunywa taratibu". Mtu anayetaja mambo haya hajavunja sharti lolote. Anaripoti.

Hata pale anapoonekana amevunja, si wakati wote ni utashi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwauliza wagonjwa karibu 2,000 kuhusu pombe. Wenye matatizo ya ulevi walikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji, na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Baada ya tumbo kuunganishwa upya, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi. Mtu aliyekuwa anakunywa bia mbili bila shida anajikuta ni mtu mwingine. Kama hakuambiwa, je, huo ni utovu wa nidhamu?

Halafu masharti yenyewe. Mgonjwa anatakiwa kula angalau gramu 60 za protini kwa siku kwenye tumbo linalojaa kwa vijiko vichache, na kumeza vidonge vya chuma, kalsiamu, B12 na vitamini D maisha yake yote. Karatasi za lishe zinazozunguka huku kwetu nyingi zimeandikwa kwa jiko la mtu mwingine, zina jibini na unga wa protini wa kopo. Ugali uliosongwa vizuri, unaoshibisha na kunata, hukwama kwa wengi waliopasuliwa. Aliyeketi na mgonjwa akamwambia aanze na samaki, yai au maharage yaliyopondwa, ugali uje mwisho kama nafasi ipo, ni nani? Na Ramadhani je, mtu ambaye hawezi kunywa glasi nzima ya maji kwa mkupuo atafungaje na kufuturu salama? Hayo ndiyo maswali ambayo majibu yake yanamtofautisha daktari na daktari, na anayeyajua majibu ni mgonjwa.

Wanaosafiri wana sababu zaidi ya kusikilizwa. Wagonjwa kutoka Afrika Mashariki huenda India na Uturuki, kama Waingereza wanavyokwenda Uturuki, ambako BBC iliripoti mwaka 2023 kwamba Waingereza saba walikuwa wamefariki baada ya upasuaji wa uzito. Mshono wa tumbo unaweza kuvuja siku au hata wiki kadhaa baada ya upasuaji. Dalili ya kwanza inaweza kuwa moyo kwenda mbio tu, na wakati huo mtu yuko Temeke au Kisauni, mbele ya daktari wa zamu ambaye hana karatasi inayosema alikatwa nini na wapi. Upatikanaji wa huduma karibu na nyumbani, Nairobi na sasa Dar es Salaam, umepunguza hatari hiyo, na nadhani faida hiyo haisifiwi vya kutosha. Ila ukaribu wa jengo hauwi ukaribu wa daktari mpaka simu ipokelewe.

Kikwazo kingine ni ukimya wetu. Mtu akipungua ghafla mtaani, minong'ono ya kwanza ni ya ugonjwa: amekonda, ana nini? Akisema alipasuliwa, anaambiwa amepita njia ya mkato. Wengi huchagua kusema ni mazoezi na maji ya ndimu. Wanaobaki kusema ukweli hadharani ni watu maarufu, ambao baadhi yao hupewa huduma kama sehemu ya matangazo. Hatimaye tuna shuhuda nyingi kutoka kwa watu ambao hawakuhangaika kumpata daktari simuni, na karibu hatuna za yule mwalimu aliyeuza kiwanja ili alipie upasuaji.

Dawa ya kawaida inayopendekezwa ni takwimu. Uingereza ilianza mwaka 2013 kuchapisha matokeo ya madaktari bingwa mmoja mmoja, wa upasuaji wa uzito wakiwamo. Madaktari walionya kwamba wenzao wangekwepa wagonjwa wagumu ili kulinda jina, na hofu hiyo si ya kupuuza. Kwetu lipo tatizo la mapema zaidi: idadi ni ndogo. Daktari aliyewapasua watu 40 akafiwa na mmoja ana vifo vya asilimia 2.5, karibu mara 10 ya robo ya chini ya Michigan, na inawezekana kabisa ni daktari mzuri aliyepata siku mbaya. Mabaraza ya madaktari, la Tanganyika na la Kenya, yatakwambia kama mtu amesajiliwa. Hayatakwambia kama anarudi kumwangalia mgonjwa wake.

Mpaka hospitali zetu zikubali kuhesabu kwa pamoja, simulizi za wagonjwa zitabaki na uzito ambao Michigan hazingekuwa nao. Anayetaka kupasuliwa anaweza kumuuliza daktari swali lisilohitaji rejista yoyote: kati ya watu uliowapasua miaka mitano iliyopita, wangapi bado wanakuja kliniki, na je, yupo aliyepata matatizo ambaye atakubali kuzungumza nami? Hata madaktari bora wa Michigan walikuwa nao, watano katika kila 100. Anayejibu kwamba hana hata mmoja ama hajapasua wengi, ama hajui walipo.