Mjomba Kashinda Vita, Kakwama kwenye Ritifaa

Jamani, nimenyamaza wiki tatu. Leo nasema.

Mimi ni kinyozi, niko Mabatini. Kibanda cha mabati, kiti kimoja, kioo chenye ufa, redio. Sina makuu. Ninachoomba kwa Mungu ni umeme usikatike mteja akiwa kanyolewa upande mmoja. Lakini Mungu alinipa mjomba, mjomba akawa na pensheni yake, na kati ya mjomba na pensheni nikawekwa mimi, kama nyama ndani ya sambusa.

Miaka yote nilikuwa na kinga. Mjomba anakaa Sengerema, na akija Mwanza alikuwa anasubiri kivuko pale Busisi. Akipiga simu kwamba anakuja tushughulikie makaratasi yake, namjibu, "Mjomba, nasikia foleni ya kivuko leo ni balaa, tufanye wiki ijayo." Hiyo wiki ijayo niliila miaka sita. Halafu Juni 2025 wakafungua daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 hivi juu ya ziwa. Watu wakashangilia, wakapiga picha. Mimi niliiona kwenye simu nikajua nimekwisha.

Akaja Jumapili jioni. Jumatatu saa kumi alfajiri napigiwa mlango wa chumbani: "Kuruta! Amka!" Nina miaka arobaini na tatu, nina mke, nina watoto wawili, mmoja yuko sekondari. Kuruta. Nikamwambia mjomba, ofisi inafunguliwa saa moja na nusu. Akasema ndiyo maana tunatoka saa kumi na moja. Viatu vyake vilikuwa vimeng'aa hadi unaweza kujinyolea ndevu. Nasema kama mtaalamu.

Makaratasi yote alikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo. Ndani ya rambo kuna bahasha ya kaki, ndani ya bahasha kuna gazeti, ndani ya gazeti kuna barua yake ya kuachishwa jeshi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo ilishikwa na selotepu iliyogeuka rangi ya chai ya rangi. Ilipigwa kwa taipu ambayo herufi "a" ilikuwa inaruka juu ya wenzake kila mara. Muhuri ulikuwa umebaki kama doa la jasho. Mjomba hakunipa niishike. Aliishika yeye, mimi nikaruhusiwa kuinama na kusoma.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye jina. La kwake lenyewe silianiki hapa, tuseme anaitwa Ng'wandu. Sisi Wasukuma tuna hii Ng' ya puani, yenye kakidudu juu. Siku anaandikishwa jeshini mwaka 1974, karani aliyekuwa mezani hakuwa mtu wa huku. Akasikia alichosikia, akaandika Mwandu. Kitambulisho cha taifa kikaandikwa na mtu wa huku, kikatoka Ng'wandu, safi kabisa. Benki nao wakaandika Ngwandu, kidudu hakuna. Mjomba mmoja, watu watatu.

Ofisi tuliyokwenda siitaji. Nitasema tu ina dirisha namba tatu, na dirisha namba tatu lina mdada anayekunywa chai polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

"Mzee, huyu Mwandu ni nani?"

"Mimi."

"Na Ngwandu?"

"Mimi."

"Na huyu mwenye kitu hapa juu?"

"Mimi pia."

"Sasa mzee, wakisema mlipwe, alipwe nani?"

"Alipwe mwenye njaa."

Foleni nzima ikacheka. Mdada hakucheka. Akasema mfumo hauruhusu, akarudi kwenye chai.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa nyuma yetu akanishika bega: "Kijana, hicho kidudu cha juu kinaitwa ritifaa." Kweli, nilifundishwa shule ya msingi nikaitupa, sikujua kwamba itakuja kunidai. Tukaambiwa twende kwa wakili tuapishwe, iandikwe hati ya kiapo kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja. Sawa. Tukaingia steshenari kuchapa. Binti wa steshenari anachapa kwa kasi ya cherehani, lakini kibodi yake ile batani ya ritifaa imekufa. Akaweka mkato. Tulipofika kwa wakili, hati inasomeka Ng,wandu. Mjomba akaitazama kwa muda, akasema, "Tunazidi kuongezeka, mpwa. Tukifika kumi tutakuwa seksheni."

Elfu kumi na tano imekwenda. Ya nani? Ya kinyozi.

Tukazungushwa hivyo siku kadhaa. Nisimwonee mjomba lakini, kwenye foleni alikuwa na faida. Siku moja wastaafu walikuwa wamekaa hovyo hovyo, huyu kwenye tofali, yule chini ya mwarobaini, vijana wanawaruka. Mjomba akasimama, akakohoa, akatoa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia nyumbani. Ndani ya dakika moja kulikuwa na mstari mnyoofu, wenye magongo mbele, hata jamaa aliyekuja kuuza karanga akajikuta ni namba kumi na tisa. Katikati kulikuwa na bibi mmoja anafuatilia mirathi ya mumewe aliyekuwa askari. Walikuwa wamemwambia alete cheti cha ndoa. Aliolewa kwa ng'ombe kumi na wawili, kijijini, mbele ya wazee. "Cheti changu kilikuwa na pembe," akasema, "na wengine kwenu mmekila." Hakuna aliyecheka sana, maana bibi alikuwa ametoka Ukerewe na meli, na anarudi hana kitu.

Mjomba alimpisha mbele yetu. Hivyo tukafika dirishani saa sita, wakati wanakwenda kula.

Mchana ikawa zamu ya alama za vidole. Hapa nitalia. Mjomba alipostaafu alirudi ziwani, amevuta nyavu miaka na miaka (aina ya wavu msiniulize, sheria mnazijua). Kamba imemlamba vidole hadi vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kidole gumba, mashine inakataa. Cha shahada, inakataa. Wakasema anawe. Akanawa. Wakasema apake mafuta. Akapaka mafuta yangu ya saluni niliyokuwa nayo mfukoni. Vidole kumi, mashine imekataa kumi. Kijana wa mashine akatoa hukumu: "Mzee, huna vidole." Mjomba akavinyanyua vyote, akavitazama mbele na nyuma. "Basi vitani Lukaya, kule Uganda, nilipigana na nini?"

Tukatoka, tukatafuta mahindi ya kuchoma kando ya ziwa, upande ambao kisiwa cha Saanane kinaonekana vizuri. Nilijua kinachokuja. Hadithi ya vita naijua kama kipindi cha redio: Amin kaingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wanajeshi wetu wakapanda, Mutukula, Masaka, Divisheni ya 20 chini ya Msuguri, hadi Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Nikajiandaa kuitikia "eeh" kwenye sehemu zake. Lakini siku hiyo aliruka yote, akaonyesha Saanane kwa gunzi.

"Mwaka ule wa 1979 Gaddafi wa Libya, akimsaidia Amin, alileta ndege ije ilipue matangi ya mafuta hapa Mwanza. Ikakosea. Mizigo ikaanguka pale. Unajua ilikufa nini?"

"Swala, mjomba."

"Swala wangapi?"

"Sita."

"Sita. Walihesabiwa, wakaandikwa, hadi leo mtu anaweza kukutajia idadi yao. Swala, mpwa! Hawakuwa hata na namba ya jeshi."

Akaendelea kutafuna. Mimi nikakaa na lile neno. Namba ya jeshi.

Jamani, siku zote hizo tulikuwa tunapeleka majina. Mwandu, Ngwandu, ritifaa, mkato, kiapo. Hakuna mtu aliyemwuliza namba, na mimi mwenyewe, msomi wa familia, eti kwa kuwa nina simu ya kupangusa, sikuwahi kufikiria. Kesho yake tukaenda nyuma ya jengo, masijala, kwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia, shikamoo, jina lina matatizo ila namba ipo. Hata sikumaliza. Mjomba alikuwa ameshapiga mguu chini, mikono ubavuni, ameitema namba yote bila kuvuta pumzi, kama vile imemlalia ulimini tangu 1974. Mzee wa masijala akapiga simu mbili, akaandika kitu, akasubiri, akapiga tena. Baada ya dakika kumi akasema, "Jalada lipo. Ni huyu huyu." Dakika kumi. Mimi nimefunga kibanda siku tisa. Wateja wangu wamehamia kwa jirani mwenye mashine mbovu, wanatembea mjini na vipara vya ngazi.

Mkienda na wazee wenu, anzeni na namba. Hilo nalitoa bure. Na mtoe kopi tatu tatu kabla hamjatoka nyumbani, kopi ya mlangoni kwa ofisi ni ghali kuliko soda.

Mnadhani yameisha? Vidole bado. Kijana wa mashine alishauri mzee asiguse kamba wiki kadhaa, mistari ya vidole itarudi kidogo, ndipo ajaribu tena. Kwa hiyo mjomba hajarudi Sengerema. Yuko kwangu, anapumzisha kidole. Hafui, haoshi sahani, hasongi ugali, hata kufungua kopo la mafuta ya kula aliniita kutoka kibandani. "Kidole kiko likizo," anasema, amekilaza juu ya mto, mto wangu, na kila asubuhi mke wangu anakipaka mafuta ya nazi. Mimi tangu tuoane sijapakwa hata tone.

Kumbe pale kwenye foleni alikuwa anagawa anwani yangu. Leo alfajiri, saa kumi, mlango. Nikatoka na taulo. Nje kuna wazee saba wamejipanga mstari mmoja, kila mmoja na rambo lake kifuani, mjomba amesimama pembeni anakagua.

"Kuruta, hawa wote namba zao wanazo," akaniambia. "Shida ni huyo wa mwisho. Jina lake lina ritifaa mbili."