Sare ya kompyuta si sare ya mezani

Pambano la sita la ubingwa wa dunia wa chesi, Dubai, Desemba 3, 2021, bado watu wanalichambua kivivu. Mtu anafungua programu ya kompyuta inayopima nani anaongoza, anaona kabla tu ya hatua ya 130 ubao ulikuwa sare, basi anatoa hukumu: Ian Nepomniachtchi, aliyekuwa akiwania taji, alijifunga mwenyewe. Mimi nasema Magnus Carlsen, bingwa mtetezi, alimkamua mpaka tone la mwisho.

Ukitaka kuelewa, anza na saa. Kila mmoja alipewa dakika 120 za hatua 40, halafu 60 za hatua 20 zinazofuata, halafu 15 za kumalizia. Nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua ilianza hatua ya 61. Kabla ya hapo, dakika ikiisha imeisha. Ndiyo maana walipokaribia hatua ya 40 walipokezana makosa ambayo hata mchezaji wa klabu, akiwa na kompyuta pembeni, anayaona.

Hatua ya 26 Carlsen alitoa malkia, akachukua ngome mbili. Hesabu ya darasani inasema 10 kwa 9 (ngome ni pointi 5, malkia 9), lakini hesabu hiyo ni kweli pale tu ngome zinapolindana. Zikitengana, malkia anapiga cheki (kumtishia mfalme) moja inayomgusa mfalme na ngome kwa pamoja, na ngome imeliwa.

Mwishoni zilibaki kete saba ubaoni: mfalme, ngome, farasi na askari wawili dhidi ya mfalme na malkia mpweke. Hapa ndipo penye utamu. Kete za Carlsen zilishikana mikono, kila moja ikilindwa na mwenzake, kwa hiyo malkia hakuwa na cha kula. Kazi yake ikawa cheki tu. Carlsen hakuwa na haraka. Hatua 50 za kila upande zikipita bila askari kusogea wala kete kuliwa, mchezaji anaweza kudai sare; askari akisogea, hesabu hiyo inaanza upya, hivyo unaweza kuzungukazunguka, ukajaribu hiki na kile, ndipo umsukume mraba mmoja. Mwenye malkia ndiye anayelazimika kupata jibu sahihi kila mara, kwa sekunde chache, akiwa amekaa kitini zaidi ya saa saba.

Hatua ya 130 malkia alikwenda mraba wa e6, kuziba njia ya askari kwa mbele. Alipaswa kukaa mbali, awe huru kupiga cheki kutoka nyuma. Askari wakafika e6 na f5, farasi akatua g7, na katika hatua ya 136 Nepomniachtchi akasalimu amri.