Utando wa Ulimi: Kutazama Kunatosha, au Tuupe Alama?

Mwaka 2018 bima ya afya ya Japani ilianza kuutambua udhaifu wa kinywa cha mzee kama ugonjwa wenye vipimo vyake saba, na kimojawapo ni ulimi. Mzee anatoa ulimi nje. Daktari wa meno anaugawa kwa macho sehemu tisa, kila sehemu anaipa alama: 0 kama hakuna utando, 1 kama upo lakini ni mwembamba, vinyweleo vya ulimi bado vinaonekana, 2 kama umekuwa mzito hadi umevifunika. Alama zote zikijaa ni 18. Anayefikisha 9 kwenda juu kinywa chake kinahesabiwa kichafu, na akikutwa na kasoro katika vipimo vitatu kati ya vile saba anaandikiwa ugonjwa na kuanza kuhudumiwa.

Huku kwetu ulimi hutazamwa kwa kupita. Daktari anasogeza ulimi kwa kioo chake ili alione jino linalouma, basi. Wapo wanaosema huo ni uzembe na kwamba kila kadi ya mgonjwa iwe na alama ya ulimi. Wapo wanaoona kuhesabu utando ni kupoteza muda. Wote wana hoja, ila nadhani wanabishana juu ya wagonjwa wawili tofauti.

Tuanze na utando wenyewe. Ni chembe za ngozi ya kinywa zilizokufa, bakteria, chembe nyeupe za damu, mabaki ya chakula na mate, vyote vimenasa kwenye vinyweleo vya ulimi kama vumbi kwenye zulia. Nyuma, karibu na koo, ndiko unakokuwa mzito zaidi, maana huko ulimi hausuguliwi sana na chakula wala na kaakaa. Chini ya utando huo hewa ni haba, na bakteria wanaopenda hali hiyo huvunja protini na kutoa gesi za salfa. Hiyo ndiyo harufu ambayo mtu mwenyewe haisikii na jirani kwenye daladala anaisikia.

Wanaotaka alama wana ushahidi mzuri hapa. Kliniki ya harufu ya kinywa ya Leuven, Ubelgiji, ilichapisha mwaka 2009 taarifa za wagonjwa 2,000 waliokwenda kulalamikia harufu. Kwa takriban 76 katika kila 100, chanzo kilikuwa kinywani, si tumboni kama wengi wanavyoamini, na kwa 43 kilikuwa utando wa ulimi peke yake. Daktari anayesafisha ukoga wa meno, akatibu fizi, akamruhusu mgonjwa bila kuutazama ulimi, huenda ameacha chanzo chenyewe. Lakini taarifa hiyohiyo ina upande wa pili: karibu 16 katika 100 hawakuwa na harufu yoyote ya kupimika. Walikuwa na hofu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ulimi wake una alama 7 kati ya 18, umempa kitu cha kuhesabu kila asubuhi mbele ya kioo. Nimewaona watu wanaokwangua ulimi kwa kijiko mpaka unatoa damu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba utando mwembamba mweupe ni hali ya kawaida ya ulimi wenye afya.

Tatizo la pili ni jicho la mpimaji. Ulimi wa saa moja asubuhi kabla ya chai si ulimi wa saa tano baada ya chapati na maharage, kwa sababu kutafuna na mate huondoa sehemu ya utando. Aliyefunga Ramadhani akipimwa alasiri ataonekana mchafu kuliko alivyo, kwani kinywa kimekauka. Kahawa huuacha ulimi na ukahawia, ubuyu wa rangi huuacha mwekundu hadi jioni, na baadhi yetu wenye ngozi nyeusi tuna madoadoa meusi ya asili ulimini ambayo asiyeyazoea atayahesabu kuwa uchafu. Isitoshe, mizani yenyewe si moja. Ipo ya sehemu sita inayoishia 12, ipo ya Japani ya sehemu tisa, ipo inayotazama tu utando umefunika theluthi ngapi za ulimi. Mtu akikuambia mgonjwa ana alama 6, muulize 6 ya nani.

Linalonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni kwamba alama haiulizi utando huo ni wa nini. Katika nchi zetu ulimi mweupe umebeba aibu tangu miaka ile UKIMWI haukuwa na dawa za kuufubaza. Mpaka leo mtu akiuona kwenye kioo huwaza hilo kwanza. Fangasi wa kinywani hufutika kwa kitambaa na kuacha mahali pekundu panapouma. Mistari myeupe ya pembeni mwa ulimi isiyofutika ni jambo jingine, na inastahili uchunguzi. Utando wa kawaida si hili wala lile. Kwenye karatasi ya alama, vyote vitatu vinaweza kuandikwa 2. Anayevitofautisha ni daktari aliyeshika ulimi kwa kipande cha bandeji, akaugeuza huku na huku, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani na kama mate yamepungua.

Tena si bakteria wote wa ulimini ni maadui. Wapo wanaochukua naitreti ya mboga za majani, mchicha ukiwemo, na kuigeuza kuwa kitu ambacho mwili hukitumia kulegeza mishipa ya damu. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapa watu 19 wenye afya dawa ya kusukutua yenye klorheksidini kwa wiki moja, na shinikizo lao la damu likapanda kidogo, pointi 2 hadi 3.5. Watu 19 ni wachache, na kusugua ulimi si sawa na kuwaua bakteria wote kwa dawa. Ila inatosha kututilia shaka tunapotaka kila ulimi usomeke sifuri.

Kusugua kwenyewe hakuhitaji kusubiri alama. Watu wa pwani wanaotumia mswaki wa mti huupitisha ulimini hadi wakokomoe, na katika hadithi ya Abu Musa, Mtume alionekana akipiga mswaki huku akitoa sauti kama ya mtu anayetaka kutapika. Mapitio ya utafiti ya Cochrane ya mwaka 2006 yalikuta majaribio mawili tu yanayofaa, yenye watu 40 kwa jumla: kikwangulio kilipunguza gesi za salfa kidogo zaidi kuliko mswaki. Tofauti ilikuwa ndogo.

Sasa rudi kwa mzee. Bibi aliyelala kitandani baada ya kiharusi, hana jino hata moja. Wanaomhudumia wanamwosha mwili, wanambadilisha shuka, wanamnywesha uji, na kinywa hakiguswi kwa sababu hakuna meno ya kupigwa mswaki. Ulimi usiotembea vizuri unajenga utando mzito, mate yanashuka nao, na siku akipaliwa bakteria wanaingia mapafuni. Utafiti wa Japani kwa wazee wasio na meno ulihusisha utando wa ulimi na nimonia ya namna hii. Kwa mgonjwa huyu naungana kabisa na wanaotaka alama. Hapo kuna muuguzi yuleyule, saa ileile, kabla ya kifungua kinywa, na hatua ya kuchukua inajulikana. Mizani ile ya theluthi inatosha, huhitaji sehemu tisa.

Kijana aliyekuja shavu limevimba, anataka kung'olewa jino, mtazame ulimi, muulize, andika neno moja kwenye kadi, umtibu jino. Kwa bibi, chachi iliyoloweshwa maji safi, ifutwe taratibu kutoka nyuma kuja mbele bila kugusa koo, akiwa ameinuliwa kichwa na kugeuziwa upande, na kama ana meno ya bandia yavuliwe usiku. Alama iandikwe ukutani pale juu ya kitanda, ili wa zamu ya jioni aone wa asubuhi alikuta nini.