Stiki Ilisema Baridi

Baba mkwe aliendesha malori miaka 31. Gia za mkono, zile ambazo ukikosea zinakukaripia mbele za watu. Kwake yeye gari la otomatiki halina tofauti na kiti cha ofisini kinachozunguka: unalikalia tu, huliendeshi. Kwa hiyo siku aliyokuja kutusalimia nikaona nafasi yangu imefika. Nikamwambia, "Baba, leo namwaga oili ya giaboksi mwenyewe."

Hakujibu. Alivuta kiti, akakiweka mlangoni penye kivuli, akakaa kama hakimu anayesubiri mshtakiwa aletwe. Redio yake ndogo akaitua juu ya boksi alilolikuta hapo karibu na mguu.

Gari lenyewe lilikuwa limeanza visa. Ukilitoa P ya kuegesha kulipeleka D ya kwenda mbele, linawaza kwanza, kisha linashtuka kama mtu aliyeguswa bega usingizini. Nilichomoa stiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili imekuwa kahawia, ina harufu ya kuungua kwa mbali, wakati oili ile ikiwa mpya huwa nyekundu kama juisi. Nikanunua makopo 6 ya lita moja moja, aina ile ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, chujio jipya na gasketi yake, na faneli yenye mrija mrefu. Vyote nikavipanga pale mlangoni, nikavua saa, nikaingia uvunguni.

Kumwaga hakuna hadithi. Nati ililegea, oili chafu ikashuka kwenye beseni, na nyingine ikashuka mkononi hadi kwapani.

"Imetoka kiasi gani?" baba mkwe akauliza.

"Yote, baba."

"Yote ni ngapi?"

Hapo ndipo ningeanza kuogopa, kama ningekuwa na akili. Oili ya giaboksi ya otomatiki haitoki yote kwa kufungua nati. Toki konvata, lile dude la mviringo lililokaa kati ya injini na giaboksi, linabaki na fungu lake, na mabomba ya kupoozea yanabaki na lao. Kitabu changu kilisema giaboksi nzima inabeba lita 7.6, na kwa nati zinatoka kama 3.4 tu. Mtu mwenye busara hupima kilichotoka, akarudisha hicho hicho. Beseni langu halikuwa na alama hata moja, na wakati baba mkwe anauliza nilikuwa nimeshaligeuzia kwenye dumu la oili chafu lililokuwa nusu tayari.

"Stiki itatuambia," nikasema.

Na kweli ilituambia. Shida ilikuwa kwa aliyeambiwa.

Nilimimina makopo matatu na karibu nusu ya la nne. Nikawasha injini, nikakanyaga breki, nikapitisha gia moja moja, P, R, N, D, 2, L, kila moja sekunde chache ili oili ifike kila chumba, nikarudisha P na kuacha injini ikinguruma. Nilifanya hivyo kwa madaha, nikimtupia mzee jicho, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. Wanapima injini ikiwa imezimwa, kumbe pampu ikisimama, oili ya juu inashuka kwenye sampu, lile karai la chini ya giaboksi, na stiki inakudanganya kwamba ipo tele. (Msije mkanitolea mfano wa Honda. Najua nyingi zinapimwa mara tu baada ya kuzima. Langu si Honda.) Gari lilikuwa kwenye sakafu iliyo sawa. Yote hayo niliyajua, ndiyo maana kinachofuata kinaniuma hadi leo.

Nikachomoa stiki, nikaifuta kwa taulo jeupe la mke wangu. Taulo halifai, linaacha nyuzi, na nyuzi zikizama kwenye giaboksi hazina kazi nzuri huko. Mke wangu naye ana sababu zake za kusema taulo halifai, tena za nguvu zaidi. Nikairudisha, nikachomoa tena, nikasoma.

Stiki ile ina sehemu mbili. Chini pameandikwa COLD, juu yake HOT. Oili ilikuwa katikati kabisa ya COLD. Sasa mimi nimezoea stiki ya injini, ambayo mstari wa chini maana yake ongeza na wa juu maana yake imetosha. Macho yakaona COLD, kichwa kikasoma "bado". Yakaona HOT, kichwa kikasoma "tayari". Kiingereza nilifundishwa shuleni na nikafaulu. Lakini siku hiyo sikuwa nasoma lugha, nilikuwa nasomea baba mkwe.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemaliza. COLD ni ya kupimia oili ikiwa bado baridi, nyuzijoto 20 au 30 hivi. HOT ni ya kupimia gari likiwa limetembea kama dakika 20, oili ikiwa nyuzi 70 au 80 na imeshavimba. Ningefunga boneti dakika ile ningekuwa mkwe wa kutajwa kwenye vikao.

Nikamalizia kopo la nne. Stiki ikatoka imelowa kama mtoto wa mvuani, kwa sababu unamiminia kwenye bomba lile lile unalopimia. Upande mmoja ulionyesha nimefika HOT, upande wa pili bado. Kanuni ni kuamini upande ulio chini, nami nikauamini: kanuni sahihi, kwenye alama isiyo yake. Nikafungua la tano.

"Mkwe," baba mkwe akasema akipunguza sauti ya redio, "hiyo stiki naona ina maneno mawili. Mbona unasoma moja?"

"Baba, hii ni otomatiki."

Mpaka leo sijui kwa nini nilidhani hilo ni jibu. Akaongeza sauti ya redio.

Kopo la tano liliisha, oili ikakaa HOT vizuri, sawasawa. Nikafunga boneti na kutangaza safari ya majaribio. Baba mkwe akakaa mbele, mke wangu nyuma. Dakika kumi za kwanza gari lilikuwa hariri. Gia zinaingia huzisikii. Nikaanza kueleza, bila kuulizwa, namna mafundi wanavyowala watu pesa za bure kwa kazi ambayo mtu yeyote makini anaiweza.

Tulipoanza kupanda mlima, injini ikapiga kelele na gari likabaki pale pale. Nikakanyaga zaidi, kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka ndani vinaifikia na kuichapa kama mayai kwenye bakuli, inageuka povu. Giaboksi ya otomatiki inakamata gia kwa nguvu ya oili iliyosukumwa na pampu, na povu ni hewa, halisukumi kitu. Kisha harufu ikaingia. Kisha mke wangu akasema kwa utulivu wa kutisha, "Baba watoto, nyuma yetu hakuna barabara, kuna moshi tu."

Oili ilikuwa imetafuta mlango, ikaupata kwenye kipumulio cha giaboksi, ikamwagika juu ya bomba la eksozi lililokuwa la moto. Moshi mweupe, mzito, wa kuita majirani. Mwenye pikipiki akagonga kioo: "Mzee, gari linaungua!" Nikasogea pembeni, nikazima, tukatoka mbio, mimi wa kwanza, jambo ambalo mke wangu hulitaja mara kwa mara. Watu wakajaa. Mmoja akasema ni rejeta. Mmoja akaja na ndoo ya maji, nikamzuia kwa mikono yote miwili. Mama mmoja akasema, "Limeshiba hilo, liacheni licheue," na huyo ndiye peke yake aliyepatia.

Moshi ulipotulia baba mkwe akainama, akachovya kidole kwenye tone, akalinusa.

"Hii inatoka kwa nini?"

"Imezidi, baba."

"Stiki haikukuambia?"

"Iliniambia."

"Ilisemaje?"

Watu wote walikuwa kimya, wanasubiri jibu la fundi.

"Ilisema baridi, baba."

Akanigeuzia mgongo. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, mtu mzima kwenye jua lile. Aliponigeukia alikuwa anafuta machozi kweli, ila si ya huzuni.

Kijana mmoja akajitolea kutuvuta kwa kamba. Hapo angalau nilijua kitu: otomatiki haivutwi hovyo magurudumu yanayoisukuma yakiwa chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu ya giaboksi nayo imelala, vyuma vinasagana bila oili. Basi mke wangu akapanda ile pikipiki kwenda nyumbani, akarudi na bomba kubwa la sindano la mililita 60, bila sindano, pamoja na kipande cha mpira mwembamba. Tukaupitisha mpira kwenye bomba la stiki nami nikaanza kunyonya oili, bomba baada ya bomba, huku baba mkwe akihesabu kwa sauti na umati ukimsaidia. "Kumi na saba! Kumi na nane! Kumi na tisa!" Lita moja na ushei. Iliyobaki ilikuwa imeshajitoa yenyewe.

Wakati gari linapoa nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga asubuhi. Oili lita 7.6, ikitoka nyuzi 25 hadi 80, inavimba karibu theluthi ya lita peke yake, bila mtu kuiongeza chochote. Ile nafasi kati ya COLD na HOT haikuwa pengo la kuzibwa. Ilikuwa nafasi ya oili kunenepa.

Tulirudi polepole. Nyumbani nikaacha injini inanguruma, nikapitisha gia zote, nikachomoa stiki, nikafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, nikapima mara tatu. Pande zote mbili zilikubaliana: katikati ya HOT, na safari hii oili ilikuwa moto kweli. Nikamwonyesha baba mkwe. Akatikisa kichwa kukubali. Nikajisikia nimerudishiwa mke.

Akarudi kwenye kiti chake, akainua redio, na kwa mara ya kwanza akalitazama lile boksi lililokuwa chini yake tangu asubuhi. Akaliokota, akavaa miwani, akaligeuza, akasoma maandishi ya ubavuni taratibu. Kisha akalifungua.

"Mkwe," akasema, "hili chujio ni la gari gani?"