Moyo wa kichanga na rufaa ya kutoka Tabora

Kichanga akizaliwa hospitali ya Kitete au ya Nzega, mkoani Tabora, na moyo wenye hitilafu kubwa, apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa, au wazazi waelezwe ukweli wakae naye kwa siku alizojaliwa? Ninavyoona, swali hilo halina jibu moja, kwa sababu mioyo yenyewe haifanani.

Yupo mtoto ambaye mishipa miwili mikuu inayotoka moyoni imebadilishana nafasi. Damu yenye oksijeni inazungukia mapafuni tu, isiyo nayo inazungukia mwilini. Asipotibiwa, ni nadra kufikisha mwaka. Lakini tangu Adib Jatene wa Brazili alipofanikiwa kuirudisha mishipa hiyo mahali pake mwaka 1975, upasuaji huo umekomaa: katika hospitali zenye uzoefu, wanapona zaidi ya 95 kwa kila 100. Mama wa mtoto huyu akiambiwa akamwombee tu nyumbani, amedhulumiwa.

Yupo mwingine ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua. Huyu anahitaji operesheni tatu: siku za mwanzo, kati ya miezi minne na sita, kisha akiwa na miaka miwili hadi minne, na bado atabaki na chumba kimoja tu cha kusukuma damu. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2010 ulifuatilia watoto 549. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai bila kupandikizwa moyo mwingine walikuwa takriban asilimia 64 kwa mbinu moja ya operesheni ya kwanza na 74 kwa nyingine. Tena hao walitibiwa katika hospitali zenye wataalamu. Siwezi kumlaumu mkulima wa tumbaku wa Urambo akisita hapo.

Halafu takwimu hizo huhesabu waliofika kwenye meza ya upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, imewapunguzia wengi safari ya India, lakini iko Dar es Salaam, na kutoka Tabora hadi huko kwa reli ni kilomita zaidi ya 800. Mshipa wa muda unaounganisha ile mishipa miwili mikuu, ambao ndio humsaidia kichanga wa namna hii kuishi, huanza kujifunga ndani ya siku chache, na dripu ya prostaglandini, dawa inayouweka wazi, haitakiwi kukatika njiani.

Ndiyo maana natetea kila kichanga apimwe oksijeni mkono wa kulia na mguuni kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini. Ikiwa chini ya asilimia 90, daktari aitwe papo hapo. Wapo wanaosema kupima bila njia ya matibabu ni kuwaongezea wazazi uchungu. Hoja hiyo ina uzito, ila kipimo hicho hicho hufichua nimonia na maambukizi ya damu, ambayo yanatibika hapa hapa mkoani.

Na wazazi wakishaelezwa aina ya hitilafu, idadi ya operesheni na uwezekano wa kupona, wakaamua kubaki, mtoto apewe oksijeni na dawa ya maumivu kama mgonjwa mwingine yeyote. Faili lake lisiandikwe kwamba wamekataa matibabu.