Silverstone: tambarare iliyoachwa na ndege za vita

Oktoba 1948, kwenye mashindano makubwa ya kwanza ya magari ya Silverstone, uwanja wa zamani wa ndege za kivita huko Uingereza, madereva walionyeshwa njia kwa mapipa ya mafuta na marobota ya majani makavu. Walipita hadi kwenye njia za kurukia zilizotumiwa na ndege za mabomu aina ya Wellington wakati wa vita. Njia hizo zilikutana katikati ya uwanja, kwa hiyo magari yalikuja yakielekeana, kisha kila moja likakata kona yake. Mwaka uliofuata wakaachana na mpangilio huo, wakahamia barabara ya pembezoni. Hiyo ndiyo iliyozaa umbo la Silverstone tunayoijua.

Wanaosifu uamuzi ule wa kuugeuza uwanja wa ndege kuwa wa mbio wana hoja nzito. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita, na hapa palikuwa na lami, ardhi tambarare na nafasi tele. Barabara ya pembezoni ilichorwa kwa ajili ya ndege kuzunguka uwanja, si kwa ajili ya mbio, lakini ikaleta kona ndefu zinazopitwa kwa mwendo mkali. Mwaka 1985 dereva wa Formula 1 Keke Rosberg alizunguka hapa kwa wastani wa karibu kilomita 259 kwa saa akiwania nafasi ya kuanzia. Kwenye barabara ya milimani usingeuona mwendo huo.

Lakini tambarare ina bei yake. Hakuna kilima cha kukaa ukaona sehemu kubwa ya mbio, na upepo unavuma bila kizuizi. Dereva anayeingia kona za Maggotts na Becketts anaweza kuhisi gari likisukumwa. Mvua nayo! Aprili 2000 maegesho yaligeuka tope, watu wenye tiketi mkononi wakaambiwa wasije siku ya Jumamosi.

Hoja ya usalama ndiyo inayonisumbua zaidi. Husemwa kwamba nafasi kubwa humlinda dereva anayekosea. Mara nyingi ni kweli. Ila mwaka 2022 gari la Zhou Guanyu lilipinduka mwanzoni tu mwa mbio, likateleza kichwa chini, likavuka kokoto na kuruka ukuta wa matairi hadi kwenye wavu, mbele ya watazamaji. Kilichomwokoa ni ile fremu ya juu ya kichwa, ambayo wengi waliicheka ilipoletwa 2018. Uwanja mpana haukumsaidia.

Hata hivyo, ningechagua tambarare hii kuliko mitaa ya mji iliyobanwa na kuta za zege. Ila koti la mvua nisingeliacha nyumbani.