Nailoni ya Altaneta

Mpwa wangu yuko Maskati, na tangu afike huko hakuna asilolijua. Asubuhi hii, kusikia nataka kuosha injini ya gari yangu iliyojaa tope, kanitumia sauti ya dakika sita kwenye simu. "Mjomba, usimwage maji ovyo kwenye injini. Funika kwanza altaneta, na distributa inayozigawia plagi umeme, kwa mfuko wa nailoni." Kalisema jambo lenyewe kama mtu anayesema kata ndimu. Yakhe, mfuko wa nailoni naupata wapi mie, Pemba hii?

Tope lenyewe ni la jana. Nilikwenda Makangale kumchukua mkwe wangu, mama yake mke wangu, mvua za vuli mnazijua, njia mnaijua. Tulipofika kwenye dimbwi mkwe akaniuliza kwa adabu, "Baba, hatuzunguki?" Nikamwambia, "Mama, hii ni fobaifo." Basi hiyo fobaifo ikaingia mpaka kwenye taa. Vijana wanne walitusukuma, na mkwe hakusema neno tena mpaka Konde, mshale wa joto ukipanda naye akiutazama. Kufungua boneti leo, hujui Suzuki inaishia wapi na Pemba inaanzia wapi. Rejeta imekandikwa tope kama ukuta wa nyumba ya udongo, upepo hauna pa kupita. Ndiyo maana mshale ulipanda.

Mwaka jana nilifanya ujinga wa kumpelekea kijana mwenye mota ya maji. Injini imetoka kuzima, ya moto bado, akaipiga maji baridi kwa presha kama anazima soko linalowaka. Vile vibati vyembamba vya rejeta vikalala chali. Maji yakaingia ndani ya distributa, gari ikakohoa siku tatu. Nikamlipa yeye, nikamlipa na fundi, na mke wangu akaniuliza hesabu.

Kwa hiyo safari hii nilikusudia kuosha mwenyewe, kistaarabu, mtu mzima na ndoo yake. Baraza la kahawa likanipa ushauri bila kuombwa. Mmoja kasema petroli inang'oa tope na grisi mara moja. Kweli, na nyusi pia, maana mvuke wake ukikutana na cheche moja tu tunakusomea hitma. Mwengine kasema niishushe pwani niioshe kwa maji ya bahari, yako mengi na hayalipiwi. Chumvi kwenye nyaya! Huyu ndiye anayejiita nahodha.

Nikaisubiri injini ipoe. Nikachukua spana namba 10, nikafungua betri, upande wa hasi kwanza. Mpaka hapo mambo yalikuwa safi. Ilibaki nailoni.

Nikaenda dukani. Mwenye duka nimemsomesha mie mwenyewe.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Una mfuko?"

"Mifuko ipo, Maalim. Wa karatasi, wa kitambaa, na kikapu cha ukili."

"Ule mwengine."

"Upi?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. "Ule mwepesi."

"Wa karatasi huo."

"Ule unaolia ukiukunja."

Kijana akaacha kupima sukari. Akaniangalia macho yale ya mtoto aliyemkuta mwalimu anavuta sigara chooni. "Maalim," akasema polepole, "si wewe? Mwaka 2006, darasa la tano. Serikali imepiga marufuku nailoni, ukatutoa darasani na jua lote lile tuokote mifuko mpaka mtoni. Ukatwambia mbuzi akimeza nailoni hafi siku hiyo, hufa kidogo kidogo. Mie nililia, Maalim."

Nikamwambia hii si ya mbuzi, ni ya altaneta.

Nyuma ya magunia ya mchele mtu akakohoa. Nani? Sheha, serikali yenyewe ya mtaa wetu. Sijui kwa nini kila siku ninapotaka jambo la siri sheha naye huwa anataka chumvi. "Altaneta ndiye nani, Maalim?"

Nikaeleza. Nimesomesha miaka thelathini na moja, kwa hiyo nikieleza naeleza. Nikasema altaneta ndiyo inayochaji betri, ina matundu ya kupitisha upepo, tope na maji vikiingia mle vinakula brashi zake na beringi. Nikasema na chujio la hewa lifunikwe, na kisanduku cha fyuzi. Kufika hapo watu walishakuwa saba, wawili wamekuja kununua viberiti na wamesahau. Sheha akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini nailoni ni marufuku." Pemba tumekulia na hadithi za magendo ya karafuu, majahazi ya usiku na mambo makubwa makubwa. Mie kwenye uzee wangu nashikwa kwa magendo ya mfuko mmoja!

Mwenye duka akanionea imani. Akaniletea pakacha.

"Mwanangu, pakacha linavuja."

"Pakacha kuvuja nafuu ya mchukuzi. Wewe mwenyewe ulitufunza."

Hapo nikapandisha sauti, nasema kweli. Nikasema mengine ambayo hayamo kwenye muhtasari wa darasa la tano. Ndipo akatoka mama mmoja akanikumbusha kuwa marufuku ni ya mifuko ya kubebea, vilivyokuja vimefungwa kiwandani havina kesi. Sheha akafikiri, akakubali. Na dukani mle ganda kubwa, zima, lisilovuja, lilikuwa moja tu: paketi tupu la pempasi, lina picha ya mtoto mnono anacheka.

Nikalichukua. Ningefanyaje? Nikalikunja kwapani, lakini lile ganda halikunjiki, likifinywa linatuna upande wa pili. Nimepita barabara nzima na yule mtoto anachungulia chini ya kwapa langu, anacheka na kila mtu. Mie nina miaka sitini na nne. Mke wangu ana wajukuu sita. Wanawake kisimani wakanyamaza nilipofika, na mnajua kisima kikinyamaza maana yake nini.

Kufika nyumbani habari imeshanitangulia, sijui ilipita njia gani. Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hongera, Maalim. Wa kike au wa kiume? Na huyo mama yake, wa wapi?"

Nikasema altaneta.

"Hata jina hana haya kulitaja," akasema, akaingia ndani.

Basi nikaosha. Altaneta ikavaa pempasi, distributa ikapewa kipande kilichobaki, nikafunga kwa kamba ya katani. Tope nikalirowesha kwa kopo, nikaliacha lilainike, nikasugua kwa mswaki wa zamani (natumai ni wa zamani). Rejeta nikaimiminia maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa upole, tope litoke lilikoingilia. Ikatoka Makangale nzima, na majani yake.

Sasa kukausha. Natafuta jua nisogeze gari, jua hakuna. Yaani lipo, ila limechukuliwa. Uwanja wote, kibaraza, mpaka ukingo wa barabara, mikeka ya karafuu za jirani. Siku hizi jua la mtaa huu ni la karafuu, binadamu tunapewa kivuli. Nikabaki na kitambaa, nafuta waya mmoja mmoja, kama namfuta mtoto wa pempasi kweli.

Mara mtu akapiga kelele, "Mvua!" Mvua ikishuka na karafuu zi nje hakuna kuulizana, unakimbia, hata mwenye karafuu mmenuniana. Nikakamata pembe ya mkeka, jirani kakamata nyingine, tunakimbia tumeinama, na yeye ananiuliza, "Mtoto hajambo?" Kugeuka nyuma, boneti iko wazi, inapokea maji kama pipa la mferejini, na pempasi nilishaivua.

Na mkwe yuko ukumbini, kashafunga kifurushi chake. Anasema hawezi kulala nyumba ambayo binti yake kaletewa mke mwenza. Anataka arudishwe Makangale. Leo hii.